Kilomita ya 121: kisa cha mwanagenzi wa baiskeli kati ya Arusha na Moshi

Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa 6:20 mchana, kilomita chache baada ya njia panda ya KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) kwa anayetoka Moshi, mwanamke wa miaka 39 alishuka kwenye baiskeli yake, akaiegemeza kwenye mti na kukaa chini kivulini bila kusema neno. Kifaa kwenye usukani kilionyesha kilomita 121. Alikuwa amedhamiria kwenda Moshi na kurudi Arusha siku hiyo hiyo, jumla ya kilomita 160 hivi, na zilikuwa zimebaki takribani 40. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, jasho lake lilikuwa baridi, na alipotaka kununua maji kwenye kibanda cha jirani alishindwa kuhesabu chenji ya noti ya shilingi 2,000. Kazi yake ni uhasibu. Aliponiona nimesimama karibu alisema, "Kaka, miguu imeisha," kisha akaomba tumtafutie gari. Alirudi Arusha kwa Noah, baiskeli ikiwa imefungwa juu.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake kwa sababu maelezo aliyojipa mwenyewe siku ile, kwamba miguu iliisha, ndiyo ambayo karibu kila anayeanza safari ndefu za baiskeli hujipa, na katika hali yake hayakuwa sahihi. Kama tungeyakubali, tungetumia miezi mitano iliyofuata kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Ushahidi wa kwanza tuliupata palepale chini ya mti. Alikunywa soda moja na kula pakiti ya biskuti, na baada ya dakika 20 alikuwa anazungumza vizuri, anakumbuka namba ya simu ya mumewe, na ameona mwenyewe kwamba chenji aliyopewa ilikuwa na upungufu wa shilingi 200. Misuli iliyochoka haiponi kwa soda ndani ya dakika 20. Ubongo uliokosa sukari ndio unaorejea kwa kasi hiyo, kwa kuwa kwa kawaida hutegemea glukosi iliyomo kwenye damu. Mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 ndani ya misuli ya mtu mzima na gramu 100 hivi kwenye ini, akiba inayotosha nishati ya kilokalori 2,000 au zaidi kidogo. Mafuta ya mwilini, hata kwa mtu mwembamba, hubeba nishati mara nyingi zaidi ya hiyo, lakini huchomwa polepole, na kadiri mtu anavyoongeza nguvu ndivyo mwili unavyoyaacha na kukimbilia wanga. Akiba ya ini ikikauka sukari ya damu hushuka, na mwendeshaji hujikuta katika hali aliyokuwa nayo mhasibu wetu, pengine akiwa bado na miguu inayoweza kufanya kazi.

Hali hii haibagui. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio za baiskeli akiwa kijana pamoja na David Kinjah kule Kikuyu, alipatwa nayo Julai 2013 akiwa amevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano ya Tour de France, juu ya mlima wa Alpe d'Huez. Mwenzake Richie Porte alimchukulia chakula kwenye gari la timu katika kilomita za mwisho ambako kanuni hazikuruhusu, na wote wawili wakaadhibiwa kwa kuongezewa sekunde 20. Froome alishinda mashindano mwaka huo. Nilimsimulia dada yangu huyu habari hiyo wiki iliyofuata, maana alikuwa ameanza kuamini kwamba mwili wake haukuumbwa kwa ajili ya baiskeli.

Swali la uchambuzi, basi, si kwa nini alianguka kwenye kilomita ya 121. Ni wapi alipoanza kuanguka. Nimeipitia safari ile mara kadhaa kwa kutumia kumbukumbu ya saa yake, na jibu langu ni kwamba alishaipoteza kabla ya kufika njia panda ya KIA wakati wa kwenda, ndani ya kilomita 42 za mwanzo, saa ambayo alikuwa na furaha kuliko wakati wote.

Anayeijua barabara ile ataelewa haraka. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na uwanja wa ndege wa KIA uko kwenye mita 894. Kutoka Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, barabara inateremka kwa jumla bila kuonekana kuwa inateremka, kwa wastani wa mita 12 kwa kila kilomita, kiasi kwamba mwendeshaji mgeni huona kasi yake na kuamini kuwa ni nguvu zake. Dada huyu aliwafuata vijana wawili wenye uzoefu na kufika njia panda kwa saa moja na dakika 20, mwendo wa zaidi ya kilomita 31 kwa saa, huku mapigo ya moyo wake yakiwa 160 na zaidi kwa sehemu kubwa ya muda huo. Hakula chochote kwa sababu hakusikia njaa, wala hakunywa zaidi ya nusu chupa kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ubaridi. Alifika Moshi saa 3:05, baada ya saa mbili na dakika 50, akiwa ametumia wanga bila kurudisha kitu juu ya chai na kipande cha mkate alivyokula saa 11 alfajiri. Pale Moshi akaagiza chipsi mayai, sahani nzima. Siwezi kumlaumu mtu mwenye njaa kwa kutamani chipsi mayai, lakini mafuta hukaa tumboni kwa muda mrefu, na sahani ile ilikuwa bado haijamsaidia alipoanza kupanda kurudi, saa nne kasoro, jua la Januari likiwa limeshakolea.

Kurudi ndiko mteremko ule unakodai deni lake. Kuna daraja la Kikafu, ambalo bonde lake kila mtu huliona na kujiandaa kwa ajili yake. Lakini kutoka njia panda ya KIA hadi Arusha kuna mlima wa mita 500 uliotandazwa juu ya kilomita 40, na kwa kuwa hauonekani, mwendeshaji anayepunguza kasi hadi kilomita 15 kwa saa kwenye barabara anayoidhania kuwa tambarare hujilaumu, hukaza, na kumaliza akiba iliyobaki.

Maelezo mengine tuliyapima kabla ya kuyaweka kando. Fundi wake alisema baiskeli ni nzito na kumshauri anunue nyingine. Ni baiskeli ya mtumba ya mashindano yenye fremu ya chuma, ina kilo 11 na ushee, na kwa mlima wa mwinuko mdogo kiasi hicho uzito ule hauwezi kuwa chanzo. Ndugu zake walitaja umri, jambo ambalo nalikataa moja kwa moja kwa mtu wa miaka 39 anayeanza, kwa sababu anayeanza bado yuko mbali sana na kikomo ambacho umri ungeweza kumwekea. Upungufu wa damu lilikuwa swali halali, kwani kwa wanawake ukosefu wa madini ya chuma ni wa kawaida na huleta uchovu unaofanana na ukosefu wa mazoezi. Alipima, na damu yake ilikuwa nzuri. Siti ndiyo iliyokuwa na kasoro ya kweli. Alipokaa na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, goti, ambalo kwa kipimo hicho linapaswa kunyooka, lilibaki limekunjika, ishara kwamba siti iko chini mno. Tuliipandisha sentimita tatu, sentimita moja kila wiki.

Kisha ikabaki sababu iliyokuwa nyuma ya zote, yaani namna alivyojizoeza. Kwa wiki kumi kabla ya safari alikuwa anaendesha jioni tatu kwa wiki, kilomita 25 hadi 30, kila mara kwa kasi yote aliyoweza, akilenga kuushinda muda wa juzi. Mara moja tu alikuwa amefika kilomita 62. Aliniambia kwa fahari kwamba hakuna siku aliyorudi nyumbani bila kuchoka kabisa. Nadhani lugha yetu inachangia kosa hili. Tunasema mtu anajenga uvumilivu, na neno hilo linatupeleka kwenye kuvumilia, kustahamili maumivu, kutokata tamaa. Wazee waliosema kwamba fulani "ana pumzi" walikuwa karibu zaidi na ukweli wa mwili. Kinachojengwa ni uwezo wa kufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo zaidi, na uwezo huo hujengeka kwa wingi wa saa ambazo mwili unafanya kazi bila kuteswa.

Mtu anapoendesha taratibu kwa muda mrefu, majimaji ya damu huongezeka katika siku na wiki za mwanzo, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na katika wiki na miezi inayofuata misuli huotesha kapilari zaidi, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, na kuongeza mitokondria, zile sehemu za seli zinazochoma mafuta na wanga kwa kutumia oksijeni. Mwili unaochoma mafuta vizuri huitunza glikojeni yake. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu wanavyofanya mazoezi na kuonyesha kwamba takribani asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Mhasibu wetu alikuwa na asilimia sifuri.

Mpango tuliouanza Februari ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutii. Vipindi vitatu kwa wiki: saa moja Jumanne, saa moja Alhamisi, na safari ndefu Jumamosi, kwa kuwa Jumapili ni siku ya ibada na familia. Tulipima kwa saa badala ya kilomita, maana kilomita za kuelekea Usa River si sawa na kilomita za kurudi. Safari ndefu ilianza kwa saa mbili na kuongezwa nusu saa kila wiki kwa wiki tatu, na wiki ya nne ikapunguzwa karibu nusu ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Kipimo cha mwendo kilikuwa mazungumzo. Alipaswa kunisimulia jambo, lolote lile, kwa sentensi kamili, na pale sentensi ilipoanza kukatika katikati tulipunguza mwendo, hata kama tulikuwa kwenye mteremko na wenzetu wanatuacha.

Jambo lililomuuma zaidi lilitokea wiki ya pili, kwenye mwinuko wa kurudi kutoka Usa River. Mzee mmoja juu ya baiskeli ya Phoenix, amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma, alitupita taratibu na kutusalimia. Dada yangu alisimama kwenye pedeli kutaka kumfuata. Nilimwomba amwache mzee aende zake. Aliniambia baadaye kwamba ule ulikuwa mtihani mkubwa kuliko kilomita 160, na ninamwamini, kwa sababu mapigo yake ya moyo yalipanda kwa hasira tu.

Chakula tulikifanyia mazoezi kama tulivyoifanyia miguu. Mapendekezo ya kawaida kwa safari inayozidi saa mbili ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tumbo lisilozoea hukataa kiasi hicho likiwa limetikiswa barabarani. Hatukununua vyakula vya pakiti. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi, tende ndogo nne hukaribia kiasi hicho hicho, kiazi kitamu cha kuchemsha kinakaa vizuri mfukoni kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, na kashata inafaa isipokuwa siku ya jua kali inapoanza kunata. Kwenye chupa aliweka mchanganyiko ambao kila mama aliyelea mtoto anaujua, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akaongeza ndimu kwa ajili ya ladha. Kengele ya saa yake ililia kila dakika 25, naye alikula kidogo, ahisi njaa asihisi. Maji aliyanywa kwa kiu na kwa kadiri ya joto, kwani kujilazimisha maji matupu mengi kwa saa nyingi hupunguza chumvi kwenye damu na kunaweza kuwa hatari kuliko kiu yenyewe.

Wiki ya 11 nilikosea mimi. Alikuwa anaendelea vizuri kiasi kwamba niliruhusu safari yake iruke kutoka saa tatu na nusu hadi saa tano, kupitia Kisongo na Meserani kwenye barabara ya kwenda Makuyuni, pamoja na upepo wa bonde lile. Pumzi haikumsumbua hata kidogo. Siku mbili baadaye goti la kulia lilianza kuuma upande wa mbele, hasa wakati wa kushuka ngazi. Nilipaswa kulitarajia hilo. Moyo na damu hubadilika ndani ya wiki chache, misuli hufuata, lakini kano na viungo huchukua miezi, kwa hiyo anayeanza hupita katika kipindi ambacho injini yake ina nguvu kuliko fremu yake. Tulikata wiki ile nusu, tukamwondoa kwenye gia nzito alizozipenda, na kumtaka azungushe pedeli mara 80 hadi 90 kwa dakika badala ya 60 alizozoea. Goti lilitulia baada ya siku 12.

Masika nayo ilikula vipindi vingi, na mwezi Aprili alirudi kutoka Tanga akiwa na malaria. Alipomaliza dawa alitaka kulipa wiki alizokosa kwa kuziongeza juu ya zilizobaki. Nilikataa, na tulibishana. Baada ya siku kumi za kupumzika alianza tena kwa dakika 40, na wiki tatu zilizopotea ziliachwa zipotee. Tulipopima mwanzoni mwa Juni kwenye mwinuko ule ule wa Tengeru, kwa kasi ile ile ya kilomita 17 kwa saa, mapigo ya moyo wake yalikuwa 143. Mwezi Februari yalikuwa 161. Hakuwa ameongeza kasi hata kidogo katika kipimo hicho, ila bei aliyolipa kwa ajili yake ilikuwa imeshuka. Safari yake ndefu kuliko zote kabla ya jaribio la pili ilikuwa ya saa tano na nusu, kilomita 112.

Jumamosi ya mwisho ya Juni tuliondoka saa 12:10 asubuhi, tukaimaliza njia ile pana ya Sakina hadi Tengeru kabla ya watu wa sokoni kujaa, na kwa kuwa malori na mabasi hayana huruma kule mbele, wote tulivaa fulana za kung'aa na kuwasha taa za nyuma ingawa kulishakucha. Vijana walituacha kabla ya Usa River. Pale Usa kengele ililia, naye akala ndizi ambayo hakuwa na hamu nayo. Njia panda ya KIA tuliifikia kwa saa moja na dakika 45, dakika 25 nyuma ya muda wake wa Januari, na mapigo yake hayakuwa yamevuka 140. Moshi tuliingia saa 3:35, akanywa uji, akala mkate kwa asali, akajaza chupa, na saa 4:05 tulikuwa barabarani tena. Mlima usioonekana tuliupanda kwa kilomita 16 na 17 kwa saa huku akinieleza kwa kirefu mgogoro wa kodi wa mteja wake mmoja, na ule mti tuliupita bila kusimama. Tuliwasili Arusha saa 8:45 mchana. Jumla ilikuwa saa nane na dakika 35, na takribani saa saba na dakika 40 za hizo alikuwa anakanyaga pedeli.

Si haki kuyapa mazoezi sifa yote. Juni ni kipupwe, na mawingu yalitufunika hadi Kikatiti wakati wa kwenda. Kama tungerudia jaribio Januari, kwenye jua lile, naamini angemaliza, lakini kwa muda mrefu zaidi na kwa maji mengi zaidi, na pengine angehitaji kusimama mara mbili kivulini. Vilevile sijui namna ya kutenganisha mchango wa chakula na mchango wa zile saa nyingi za mwendo mwepesi, kwa sababu vilifanya kazi pamoja tangu siku ya kwanza. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema kwamba siku ile ya Januari chakula na mwendo wa mwanzo peke yake vingeweza kumfikisha nyumbani akiwa amechoka sana, na kwamba mazoezi ndiyo yaliyomfanya afike akiwa bado anazungumzia kodi.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza. Kuanzia kilomita ya 130 hivi vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikufa ganzi, na ganzi hiyo ilidumu siku mbili. Ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo, unaobanwa na uzito wa mwili kwenye usukani, na safari za saa tano hazikuwa ndefu vya kutosha kuufichua. Tumeupandisha usukani sentimita mbili na kuuzungushia utepe mnene zaidi, na nimemtaka abadilishe mahali pa kushika kila kengele ya chakula inapolia. Jumamosi hii ataendesha saa tatu kwenda Meserani na kurudi, mwendo mwepesi, tuone vidole vitasema nini.